Mto Uliotundikwa kwenye Kamba

Siku mliyoniaga ofisini nilipostaafu mlinipa blanketi, saa ya ukutani na dakika mbili za kuongea. Blanketi nalitumia, maana baridi ya Eldoret mnaijua. Saa iko sebuleni na inaenda vizuri. Dakika mbili ndizo zilizonisumbua, kwa sababu nilizimaliza nikiwashukuru wakubwa waliokaa meza ya mbele, kisha nikaketi bila kusema neno la maana. Kwa hiyo naandika hapa yale ambayo ningeyasema kama chai isingekuwa inapoa. Nawaandikia hasa nyinyi vijana mnaompiga samaki picha kwa simu na kuituma Nairobi kabla hajaacha kurukaruka. Siwaonei wivu. Labda kidogo.

Vyeo sitavitaja, na mshahara wa serikali kila mtu anaujua. Nitasema tu jinsi msichana aliyeogopa samaki alivyokuja kuitwa Madam Samaki kuanzia Moi's Bridge hadi Kesses, na ni nani waliomfikisha huko.

Nilizaliwa karibu na Moi's Bridge, kwenye shamba ambalo wazazi wangu walinunua hisa zake baada ya kuhama kutoka Murang'a. Tulikula githeri, tukala ugali, na Krismasi tukala kuku. Samaki hakuwahi kuvuka mlango wa jikoni kwa mama. Nyanya yangu alituambia samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea, na hakuna aliyembishia. Nilipochaguliwa kusomea mambo ya uvuvi, baba alidhani wamekosea jina. Mama aliuliza taratibu kama bado ninaweza kuomba ualimu. Nilienda kwa sababu ilikuwa nafasi niliyopewa, na siku zile nafasi haikurudishwa.

Nilifika ofisi ya Eldoret miaka michache baada ya Mzee, rais wetu wa kwanza, kufariki na serikali mpya kuingia. Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya ofisi nyingine, na harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki waliokufa, ilikukaribisha kabla ya mtu yeyote. Aliyenipokea ni Bwana Odera, msaidizi wa uvuvi, mtu wa ziwani, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Alinitazama viatu, akanitazama uso, akauliza swali moja.

"Madam Wairimu, unakula samaki?"

"Hapana."

"Basi tutaanza hapo. Sasa utaambia watu wafuge kitu wewe mwenyewe unatoroka?"

Mchana ule alikaanga mumi kwenye jiko la makaa nyuma ya ofisi. Mumi ndiye yule samaki wa matope mwenye sharubu, na kwa mgeni wa samaki hakuna sura mbaya kuliko hiyo. Nilikula nimefumba macho.

"Fungua macho, Madam," Odera akasema. "Haiwezi kukuuma sasa."

Nilifungua. Nikaongeza kipande. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, si kwenye dawati. Bwana Odera alinifundisha kushona wavu, kumpima samaki kwenye ubao bila kumuumiza, na kumpasua tumbo nione amekula nini. Alinifundisha pia kunyamaza kando ya maji, jambo ambalo chuoni halikuwa na mtihani. Mungu amlaze pema. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo, kwa sababu kila nikianza aliniambia nipeleke shukrani jikoni kwa mkewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Tulikuwa maafisa wa samaki katika nchi ya maziwa na mahindi. Wakulima wengi walikubali kuchimba mabwawa kwa heshima tu, kama unavyompokea mgeni aliyekuja bila kuitwa. Mzee mmoja kule Kesses alifuga ngege, yaani tilapia, miaka mingi na akakataa katakata kuwavua, kwa maana akipiga makofi walikuja pembeni kumsalimia. "Utakula mtu anakujua?" aliniuliza. Kwenye ripoti niliandika kwamba mradi umefaulu kwa sehemu.

Picha ziliingia kazini kwa sababu ya rangi. Samaki akitoka majini rangi zake hufifia huku ukimwangalia, na ukimtia kwenye fomalini anageuka kuwa kama chai ya ofisini. Hapo hujui tena huyu ni yupi na yule ni yupi, na kumbe mara nyingi alama ya kumtambulisha ni doa dogo tu la ubavuni. Ilibidi apigwe picha angali hai. Ofisi haikuwa na kamera. Siku moja nilibeba ndoo yenye samaki watatu wa mto Sosiani nikaingia studio ya Mzee Gathogo pale mjini. Ukutani alikuwa amechora ndege ya abiria na maua mekundu, na watu wa mashambani walipenda sana kusimama mbele ya ile ndege. Alichungulia ndani ya ndoo.

"Ni ya paspoti ama ya familia?" akauliza.

Mzee Gathogo naye alikuwa mhamiaji kama baba yangu, na alinichukua kama binti yake bila kutangaza. Aliniuzia kamera ya mkono wa pili iliyoachwa na mzungu mmoja aliyeuza shamba akarudi kwao. Alinipeleka kwa fundi wa madirisha, tukatengenezewa kisanduku cha vioo ambacho samaki angeweza kukaa ndani yake akiwa wima na ametulia. Kisanduku kilivuja tangu siku ya kwanza. Fundi alisema kitaacha kuvuja kikizoea maji. Mimi ndiye niliyezoea.

Picha zangu za kwanza zilikuwa nyeupe tupu, kwa sababu magamba hurudisha mwanga. "Umepiga picha ya jua," Mzee akaniambia, akiishika filamu kwenye mwanga. Akanionyesha niweke kitambaa cheusi nyuma, mwanga utoke ubavuni, na nisubiri samaki afungue mapezi mwenyewe bila kuchokozwa. Kwenye chumba chake cha giza, chini ya taa nyekundu, nilijifunza kuosha filamu na kutoa picha. Kuona samaki akitokea polepole kwenye karatasi ndani ya dawa ni furaha ambayo nyinyi hamtaijua, na kwa hilo nawaonea huruma kweli.

Lakini somo lake kubwa halikuhusu samaki. Wakulima walikuwa wakimwita akapige picha ng'ombe wa jirani wakiwa ndani ya mahindi, ili kesi ikifika kwa chifu pasiwe na maneno mengi. Kwa hiyo alijua picha ya ushahidi ni nini. "Mtu anaweza kukana uso wake," alisema, "lakini hawezi kukana mlango wake. Mlango wake lazima uonekane ndani ya picha." Alimaanisha kwamba picha iwe na kitu ambacho mwenyeji anakijua: mti, lango, kona ya barabara. Tangu hapo sikupiga picha ya mto bila kutafuta mlango wake.

Miaka ile kamera haikuwa kitu cha kutembea nacho hivi hivi. Chama kilikuwa kimoja, masikio yalikuwa mengi, na mtu mwenye kamera aliulizwa anamtumia nani. Siku moja nilikuwa chini ya daraja la mto Nzoia nikipiga picha mitego ya wavuvi, askari akatelemka mbio.

"Nyinyi! Daraja mnapiga picha mnapelekea nani?"

Bwana Odera aliinua mumi mkubwa kwa mkia, akasema, "Afande, ni huyu peke yake tunapiga. Daraja tumekuta hapa."

Askari alimtazama mumi, akatutazama, akaona kweli hatuna sura ya wapelelezi. Mwishowe alivaa kofia yake vizuri akaomba apigwe yeye. Nilimpelekea picha yake baada ya wiki chache, na tangu siku hiyo alikuwa akitushikia ndoo.

Nimewaambia hayo ili mwelewe hofu niliyokuwa nayo katika jambo ninalotaka kulisimulia sasa. Lilitokea kwenye kijito kimoja upande wa Cheptiret. Jina la mahali nalimeza, maana wajukuu wa wahusika bado wako pale na wengine ni marafiki zangu.

Ulikuwa msimu wa palizi na mvua zilikuwa nzito. Askari wa chifu alifika ofisini akasema samaki wamekufa mtoni, ndama waliokunywa maji yale wamekufa pia, na aliyetia sumu anajulikana. Kilichobaki ni serikali kuthibitisha tu. Mtu mwenyewe aliitwa Erasto Wanyonyi, kibarua kutoka Bungoma, aliyeishi na mkewe na watoto kwenye kipande cha ardhi alichopewa pembeni ya shamba alikofanya kazi. Ushahidi ulikuwa kwamba anakula samaki. Jumapili baada ya kanisa alitega mgono, mtego wa fito, kijitoni, na pale karibu hakuna mwingine aliyegusa samaki. Watu walikuwa wamesikia kwamba wavuvi wengine hutwanga majani ya utupa na kuyatia majini ili samaki walewe. Wakajumlisha. Baraza lilikuwa limeshapangwa. Serikali ikithibitisha, Erasto angefungasha na familia yake, na mahindi yake yangebaki hapo.

"Madam, sisi hatuna maneno mingi," chifu alituambia tulipofika. "Wewe andika tu ni ile dawa ya kuvua, tumalize."

Erasto alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, kofia mkononi. Nilimwuliza mbele ya chifu kama ametumia utupa.

"Mimi natega tu, Madam. Sijatwanga kitu. Lakini nikisema hapana, nani atasikia?"

Mkewe aliwavuta watoto ndani akafunga mlango, lakini kabla haujafungika nikaona wameshaanza kufunga vyombo kwenye gunia.

Bwana Odera alinivuta pembeni. "Mtu akitia utupa anatia ndio akule," akasema. "Hii samaki yote iko hapa inaoza, hakuna mtu ameokota. Nani anaiba mahindi halafu anaiachia mwenye shamba?"

Sasa shikeni hili, vijana, maana ni kanuni: ukikuta samaki wamekufa, usishuke na maji. Panda. Panda mpaka umkute wa kwanza aliye hai, kwa sababu sumu haipandi mto. Tulipanda. Kila kidimbwi nilipiga picha samaki waliokufa, fimbo yetu ya kupimia kando yao, na nyuma yao mlango wa mahali pale: gogo ambalo akina mama hupigia magoti wakiteka maji, kivuko cha ng'ombe na bati la kanisa kwa mbali, ua wa mashine ya kusaga. Tulivyozidi kupanda ndivyo walivyozidi kuwa wengi, na kaa wakawa miongoni mwao. Kisha tukafika kwenye mfereji mpya unaoingia kijitoni. Pua zilituambia kabla ya macho. Ilikuwa dawa ya kupe.

Mfereji ulitoka kwenye josho, birika ambamo ng'ombe huogeshwa dawa hiyo. Kamati ya josho ilikuwa imelimwaga ili kulisafisha kama kawaida. Miaka mingine dawa kuukuu ilimwagwa kwenye nyasi ikakauka. Mwaka ule, kwa sababu ya mvua, iliogopwa kwamba itatuama na ng'ombe wataikanyaga na kula nyasi zake, kwa hiyo wakaichimbia njia mpaka mtoni. Walikuwa wanalinda mifugo yao. Maji kwao yalikuwa kitu cha kuchukua uchafu na kwenda nao, na hakuna aliyefikiri kwamba ndani yake mna kitu kinachoweza kufa.

Hatua chache juu ya ule mfereji, chini ya nyasi zilizoinamia maji, mumi wadogo walikuwa wanacheza. Odera alimnasa mmoja, tukamtia kwenye kisanduku chetu kinachovuja, tukakiweka juu ya jiwe, nikapiga picha. Nyuma yake palionekana wazi paa la josho.

Shida ni kwamba mwenyekiti wa josho alikuwa Mzee arap Sitienei, na mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama pale. Chifu alimsikiliza yeye kwanza. Kumsimamisha mtu kama huyo mbele ya watu wake, wakati ule, na mimi mwanamke, tena mwenye jina la Murang'a, la wahamiaji, si jambo la kufanya ukitaka kustaafu salama. Niliogopa. Nilimwambia Mzee Gathogo hivyo tukiwa kwenye chumba chake cha giza tunaosha filamu.

"Usiseme neno hata moja," akanijibu. "Hao watu wanajua mto wao kukushinda. Watundikie picha kwa mpango wa maji, kutoka chini mpaka juu, halafu ukae kando." Akatoa kamba yake ya kukaushia na vibanio vyote alivyokuwa navyo, akanifungia kwenye gazeti.

Siku ya baraza tulifika mapema kwenye uwanja karibu na josho, unaopakana na shamba alilolima Erasto. Tulifunga kamba kutoka nguzo ya ua hadi nyingine, ndefu, tukazitundika picha kwa mpangilio wa mto wenyewe. Watu walijaa. Erasto alikuja na koti la kanisani, akasimama peke yake, kwa maana hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Chifu alifungua kwa maombi, akasema maneno ya umoja na maendeleo, halafu akanipa nafasi.

"Chifu, na wazee wote," nikasema, "kabla sijasema chochote, naomba watu wapite waone mto wao."

Akina mama ndio walioanza. Mwanzoni ilikuwa kelele na vicheko.

"Si hii ni gogo yetu?"

"Na hapa ni kwa kivuko! Angalia kanisa!"

Walitembea na kamba, hatua kwa hatua, wakipanda mto wao kwa miguu yao. Samaki waliokufa walizidi kila picha, na vicheko vikapungua. Kwenye picha ya mfereji walisimama. Mama mmoja aligeuza kichwa akalitazama josho lenyewe, pale nyuma yetu, kisha akarudisha macho kwenye picha. Alisogea polepole akampisha mwingine.

Mzee arap Sitienei alisimama mwisho. Alikuwa na fimbo yake na beji ya chama kifuani. Nilidhani ataenda moja kwa moja kule mwisho wa kamba, au atazing'oa. Alianza chini. Alipita kila picha, akiinama kwa sababu ya macho yake, bila kuruka hata moja. Alipofika kwa yule mumi wa kisandukuni akaniuliza.

"Hii iko juu ya josho?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na iko hai?"

"Iko hai, Mzee."

Alirudi nyuma picha moja, akaigusa kwa ncha ya fimbo.

"Hii mfereji tulichimba sisi," akasema, kwa sauti ya kawaida. Halafu akageuka akayarudia maneno hayo kwa Kikalenjin, kwa nguvu, ili hata wazee waliokaa mbali wasikie.

Chifu aliinuka haraka. "Mwenyekiti, hiyo tunaweza kuongea kwa ofisi..."

"Maneno ya Erasto tuliongea kwa watu," Mzee akamjibu. "Hii pia tunaongea kwa watu."

Nimefanya kazi na wasomi wengi na wakubwa wengi, na nawashukuru. Lakini hakuna ninayemshukuru kuliko mzee yule. Angeweza kuzichana zile picha na mimi nikahamishwa mpakani kabla ya mwezi kuisha, na hakuna ambaye angeuliza. Badala yake kamati yake ilichimba shimo la dawa mbali na maji, na yeye mwenyewe akafuatana nami kwenye majosho mengine, ile kamba ikiwa kwenye mfuko wake wa koti, akitundika picha na kuwaambia watu, "Huu ni ujinga yetu, oneni." Kama leo mnasema nilianzisha kitu kwa kuunganisha samaki na kamera, mjue kwamba nilikuwa na wenye kamera na wenye samaki, lakini bila mtu wa kusema "ni sisi" zile picha zingebaki karatasi tu.

Siku ile yenyewe baraza halikufungwa rasmi. Watu walikuwa wameanza kuongea wote kwa pamoja, na Mzee akapita katikati yao mpaka mbele ya Erasto. Erasto alivua kofia.

"Tangu hii maneno ianze," Mzee akamwambia, "hujashika jembe."

"Ndiyo, Mzee."

"Magugu imefika wapi?"

"Imeshika mahindi, Mzee."

"Sasa unangoja nini hapa kwa mkutano?"

Erasto alimtazama chifu. Chifu akatazama chini. Mkewe alinyoosha mikono, Erasto akavua lile koti la kanisani akampa, akavuka uwanja, akachukua jembe lake na kuingia shambani kwake akiwa na shati lake jeupe la Jumapili. Nilikuwa nimebakiza picha moja kwenye filamu. Ndiyo iliyo ukutani kwangu, chini ya saa yenu: mtu ameipa kamera mgongo, jembe liko juu, na mahindi yamemfika magotini. Wageni huniuliza mbona afisa wa samaki hana picha hata moja ya samaki. Huwaambia samaki wako mtoni.